Mashua Iliyovuka Ugogo

Mtu asimamaye Makole, ndani ya jiji la Dodoma, haoni mbele yake dalili yoyote ya bahari. Nchi ni uwanda mkavu ulioinuka kiasi cha meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka mzima haifikii kwa wastani milimita 600, nayo hunyesha zaidi toka Desemba hata Aprili. Miezi mingine mito yake ni mchanga mtupu. Hata hivyo, katika karne ya 19, njia kuu ya misafara iliyotoka pwani na kukata nchi hii ya Wagogo ilikuwa pia njia ya mashua. Maziwa makubwa yalikuwa bara, mafundi wa vyombo vya mkuku walikuwa pwani au ng'ambo, na kati yao palikuwa na mwendo wa miezi. Aliyetaka kutweka tanga katika maziwa hayo ilimpasa kwanza auweke mlingoti juu ya bega la mtu. Chombo kilikuwa mzigo kabla hakijawa chombo.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyodhaniwa. Habari za kuzunguka Ziwa Nyanza mwaka wa 1875 zimesimuliwa mara nyingi kama ushujaa wa mtu mmoja, Henry Morton Stanley, na mashua moja, Lady Alice. Lakini mashua haijipeleki ziwani, wala haijitoi katika tufani. Yafaa habari hizo zitazamwe upya kutoka upande wa mabega yaliyoibeba na mikono iliyoipigia makasia.

Kwanza na ikumbukwe kwamba kubeba mashua kuvuka Ugogo halikuwa jambo jepesi hata la kuthubutu. Richard Burton na John Hanning Speke walipojiandaa kwenda bara mwaka wa 1857 walikuwa na mashua yao ya chuma, jina lake Louisa, iliyoundwa kwa vipande. Wapagazi wa kutosha hawakupatikana, ikaachwa. Walipofika Ujiji mwaka uliofuata iliwabidi kukodi mitumbwi ya magogo. Mwezi wa Machi 1858 Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wa namna hiyo katika dhoruba na mvua, akarudi bila ya kupata chombo kikubwa alichokiendea. Basi kila aliyefuata alijua kwamba swali la kwanza la safari ya maji lilikuwa swali la nchi kavu: nani atabeba?

Lady Alice iliundwa Teddington, kando ya mto Thames, na fundi James Messenger. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana wake futi 6, na kina chake inchi 30. Mbao zake zilikuwa nyepesi za mseda, nayo ilikatwa vipande vitano vya futi nane nane, vya kufunguliwa na kuungwa tena. Jina lake lilitoka kwa Alice Pike, msichana wa Kimarekani ambaye Stanley alitumaini kumwoa. Naye, kabla safari haijafika nusu, akaolewa na mtu mwingine. Ilipofika Unguja, vipande vilionekana kuwa vizito na vipana kupita kiasi kwa njia nyembamba za bara, ikalazimu vikatwe tena. Hivyo fundi wa Uingereza alisahihishwa na mtu aliyekuwa bado hajaonekana, mpagazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kipimo cha kila kitu.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukiwa na watu 356. Wengi wao walikuwa wale walioitwa Waungwana, watu wa Unguja na mrima, ambao wengi wao asili yao ilikuwa bara na ambao kazi ya misafara ilikuwa maisha yao. Mkuu wao alikuwa Manwa Sera. Wabebaji wa mashua walikuwa 24, waliochaguliwa kwa nguvu zao, wanne kwa kila kipande, wakipokezana. Ujira wao ulizidi hata ule wa wanyapara, isipokuwa Manwa Sera peke yake. Walipewa posho maradufu, na ruhusa ya kwenda na wake zao. Mshahara huo wasema wazi jambo ambalo masimulizi ya baadaye yalilificha: aliyeufadhili msafara na aliyeuongoza walijua vizuri kwamba bila ya watu hao hakuna safari.

Tarehe 12 Desemba walifika Mpwapwa. Kutoka hapo ilikuwa kulivuka pori lisilo na maji la Marenga Mkali, ndipo waingie Ugogo. Msafiri wa siku hizo aliiogopa Ugogo kwa mambo mawili: kiu na hongo. Hongo imeandikwa na wasafiri wengi wa Ulaya kama unyang'anyi wa watemi. Lakini katika nchi ambayo maji huchimbwa kwa jasho katika mchanga wa mito na kuhifadhiwa kama akiba ya chakula, msafara wa mamia ya watu na wanyama uliweza kukausha kwa siku mbili kisima kilichowekwa kwa ajili ya kijiji kizima. Mtemi aliyedai nguo kwa ajili ya maji alidai bei ya kitu chenye thamani kuliko nguo. Desturi hii ilikuwa namna ya sheria ya bandari katika nchi isiyo na bahari: atiaye nanga hulipa ushuru.

Mwaka ule, hata hivyo, kilichowapata si kiu bali maji. Mvua za masika ya Ugogo zilianza kwa nguvu, na Sikukuu ya Krismasi ya mwaka wa 1874 iliwakuta Zinge, mahema yao yamesimama juu ya tope, chakula ni adimu na bei yake ni kubwa. Kipande cha mashua si furushi la nguo. Hakikunjwi wala hakigawanywi, nacho hushika upepo kama tanga na kukwama katika miiba. Wabebaji waliteleza katika udongo mwekundu wakiwa wamebeba chombo katikati ya mafuriko ambayo chombo hicho hakikuweza kuyatumia. Wapagazi wengi walitoroka katika siku hizo. Waliobaki ndio waliokuwa, kwa hakika, mabaharia wa kwanza wa Lady Alice, kwa maana dhoruba ya kwanza ya safari ile ilipigwa Ugogo, si ziwani.

Mbele ya Ugogo taabu ilizidi. Njaa iliua watu porini. Tarehe 17 Januari 1875 Edward Pocock, mmoja wa vijana watatu wa Kiingereza waliofuatana na Stanley, alikufa kwa homa. Siku chache baadaye, huko Ituru, yalizuka mapigano yaliyoua watu wengi wa pande mbili. Tarehe 27 Februari, baada ya siku 103 na maili zipatazo 720 tangu pwani, msafara ulifika Kageye, kaskazini mashariki ya Mwanza, kwenye ukingo wa ziwa. Vipande vya mashua vyote vilikuwapo. Katika orodha ya mambo yaliyopotea, watu, wanyama na mali, mashua haikuwamo.

Ilipounganishwa na kushushwa majini, Stanley aliuliza nani atakwenda naye kwa hiari. Hakujibiwa. Wenyeji wa Kageye walikuwa wamewaambia kwamba ziwa ni kubwa hata mtu aweza kuzeeka kabla hajalimaliza kulizunguka. Mwisho wake ilibidi watu wateuliwe, nao walikubali. Mshika usukani alikuwa Wadi Safeni, na miongoni mwa wapiga makasia alikuwako Uledi, aliyekuja kuwa maarufu baadaye. Saramba, mtu wa Kageye, alichukuliwa kuwa kiongozi wa njia. Waliondoka tarehe 8 Machi 1875.

Kusitasita kwao hakukuwa woga wa kijinga. Baharia wa pwani amelelewa na pepo zenye ahadi: kaskazi huja kwa majira yake na kusi kwa majira yake, na nahodha hupanga safari ya mwaka kwa kuzitegemea. Ziwa Nyanza halina ahadi hizo. Maji yake yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000 hubaki na joto usiku wakati nchi inayolizunguka imepoa. Upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na radi na ngurumo huzaliwa gizani. Mchana mambo hugeuka, na upepo hutoka ziwani kwenda bara. Tena ziwa hili si la kina kikubwa, wastani wake ni kiasi cha meta 40, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yenye kusimama, yanayofuatana upesi kabla chombo kidogo hakijapata kuinuka. Machi hata Mei ni miezi ya masika. Safari ya Lady Alice ilianguka katika kiini cha majira mabaya, na mabaharia wake walikuwa wageni wa maji yale.

Hata hivyo walifika. Walifuata ukingo wa mashariki na wa kaskazini, na mwanzoni mwa Aprili Kabaka Mutesa aliwapokea kwa heshima kubwa. Barua ambayo Stanley aliandika kutoka Buganda kuwaomba wamisionari waje ilibadili historia ya nchi ile. Kisha mashua ikashika njia ya kurudi kwa upande wa magharibi, na tarehe 28 Aprili, wakiwa na njaa, wakaelekea kisiwa cha Bumbire kutafuta chakula.

Yaliyotokea hapo yajulikana kwa kinywa cha upande mmoja tu. Wenyeji waliishika mashua na kuivuta juu ya nchi kavu pamoja na watu waliomo, wakayachukua makasia. Majadiliano yalichukua saa nyingi. Saa ya hatari ilipofika, Safeni alitumwa awaendee wenyeji akiwa na nguo mikononi, kana kwamba biashara ingali yawezekana. Na wakati macho yamemwelekea yeye, wenzake waliisukuma mashua kwa nguvu moja hata ikaingia majini, wakaning'inia kandokando yake. Safeni akakimbia, akajitupa ziwani, akaokolewa. Bunduki za Stanley ziliwaua wenyeji kadhaa na kuizuia mitumbwi iliyowafuata.

Sasa walikuwa huru, lakini bila makasia. Wapo watu 12 katika mashua, na chakula chao ni ndizi chache. Waling'oa mbao za ndani na za kukalia, wakazishika kama makafi. Usiku upepo uliinuka, mvua ikanyesha kwa wingi, na mashua ikawa inachukuliwa na mawimbi. Chombo kisicho na makasia katika mawimbi mafupi hugeuka ubavu, na kikigeuka ubavu hujaa. Kazi ya usiku ule, basi, ilikuwa tatu tu, tena zote za kuchosha na zisizo na sifa: kuushika usukani ili omo ielekee wimbi, kupiga makafi yale ya mbao ili chombo kisipoteze mwendo wote, na kufua maji bila kukoma. Mmoja akiacha yake, za wengine hazifai kitu. Waswahili husema nahodha wengi chombo huenda mrama. Mashua ile haikwenda mrama, kwa kuwa usukani ulikuwa kwa mmoja na jasho lilikuwa la wote.

Walifika kisiwa kisichokuwa na watu, ambacho Stanley alikiita Kisiwa cha Makimbilio. Huko walipata ndege na matunda, wakawasha moto, wakakausha nguo, wakachonga makasia mapya. Kisha wakakabili tena upepo, na tarehe 6 Mei wakaiona Kageye. Walikuwa wamekaa majini karibu miezi miwili na kwenda zaidi ya maili 1,000. Wenzao waliobaki kambini waliwapokea kwa furaha na milio ya bunduki, maana walikuwa wamekwisha sikia uvumi kwamba mashua imezama. Bandari yenyewe ilikuwa na msiba wake: kijana wa pili wa Kiingereza, Frederick Barker, alikuwa amekufa tarehe 23 Aprili.

Hapo ndipo masimulizi mengi yanapokomea, yakaleta sifa. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kukomea bandarini. Mwezi wa Agosti mwaka ule Stanley alirudi Bumbire akiwa na kikosi kikubwa, akapanga mitumbwi mbele ya ufuko, akaamuru risasi zipigwe juu ya watu wenye mikuki, pinde na makombeo. Makumi walikufa. Barua yake mwenyewe ilipochapishwa magazetini iliamsha hasira Uingereza, na vyama vya kupinga utumwa na vya kuwatetea wenyeji vilimlaumu. Mashua iliyookolewa Aprili kwa ustahimilivu wa watu 12 ikawa Agosti sababu ya maombolezo ya kisiwa kizima. Salama ya chombo si kipimo cha haki ya nahodha.

Ustahimilivu wa mabaharia na ukatili wa kisasi ni mambo mawili, na kosa la pili halifuti ukweli wa kwanza. Wala ukweli wa kwanza hauoshi kosa la pili. Lakini kosa hilo lina somo lake. Ni rahisi kumtukuza mtu mmoja ikiwa yote yamefanywa na yeye. Na ni rahisi vilevile kuwasahau waliokufa Bumbire ikiwa watu wa mashuani nao wamesahauliwa. Macho yasiyomwona mshika usukani hayatamwona mvuvi aliyepigwa risasi ufukoni.

Mwaka wa 1876 Lady Alice ilibebwa tena hata Ujiji na kulizunguka Ziwa Tanganyika, kisha ikabebwa hata Lualaba na kufuata mto Kongo. Katika maporomoko ya mto huo Uledi aliwaokoa watu 13 wasife maji. Siku moja alipopatikana na hatia ya kuiba shanga, hukumu iliwekwa mikononi mwa wenzake, na wawili walijitokeza kulichukua pigo kwa niaba yake, akasamehewa. Tarehe 31 Julai 1877, baada ya kubebwa kutoka bahari moja na kukaribia nyingine, mashua iliachwa juu ya miamba ya Isangila. Mabega yalikuwa yamekwisha nguvu. Watu walifika Boma tarehe 9 Agosti, na Novemba walikuwa Unguja.

Vyombo vingine vilifuata njia ya Ugogo. Mwaka wa 1883 nahodha Edward Hore wa misheni ya London aliishusha Ujiji mashua Morning Star, iliyobebwa kwa vipande kutoka pwani. Halafu reli ikapita Dodoma na kufika Kigoma mwaka wa 1914, na meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg kisha ikafunguliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka Ugogo juu ya magurudumu. Ilishushwa majini mwaka wa 1915, ikazamishwa kwa makusudi mwaka wa 1916, ikaopolewa, na tangu mwaka wa 1927 ikaitwa Liemba. Zama za mpagazi wa mashua zilikuwa zimekwisha.

Limebaki jambo moja la kumhusu Safeni. Ndiye aliyeushika usukani Nyanza. Ndiye aliyetangulia mbele ya mikuki ya Bumbire ili wengine wapate nafasi ya kuokoka. Alistahimili Ugogo, Ituru, maziwa mawili, na mto wa Kongo toka juu hata chini. Pale Isangila, walipoambiwa kwamba bahari imebakia mwendo wa siku chache tu, akili yake ilivunjika. Alifurahi, akamshukuru Mungu kwamba wamefika nyumbani, akamchukua kasuku wake, akaingia msituni. Walitumwa watu kumtafuta. Hakuonekana tena.

Waswahili wana methali kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Chombo cha Safeni hakikuzama. Aliyezama ni mshika usukani, na kwa kuzama nchi kavu hakuonekana na wengi. Orodha za majina ya waliorudi na waliokufa zilichapishwa mwishoni mwa kitabu cha Stanley mwaka wa 1878, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hafiki. Ramani ya Nyanza aliyoirekebisha Stanley ilitundikwa kutani katika vyuo vya Ulaya. Ni wajibu wa vyuo vya Afrika Mashariki kuisoma safari ile kuanzia orodha hizo, na kuanzia katika nchi kavu ya Wagogo, ambako watu 24 waliibeba mashua katika tope la Desemba wasijue kama maji wanayoyaendea yana ng'ambo.